Siku ya Kuzaliwa ya Farasi Wote

Low Hagg,
Jumapili, 8 Desemba 1957

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Nyonga inasemaje? Mama alipiga simu hospitali kutoka kiwanda chake cha peremende, wakamwambia vyuma vimeshika vizuri na kwamba umemwita daktari mkuu "kijana" mbele ya wauguzi. Sisi huku wazima. Mama bado anarudi Jumamosi tu, nguo zikinukia siagi na sukari iliyoungua. Baba mdogo Seth ana mafua lakini anayakana. Mimi nasoma.

Martha hajambo. Tumbo limeshuka, na kila asubuhi kabla ya basi la shule nampapasa kiwele kama ulivyonionyesha. Bado ni kidogo na laini. Nimehesabu tena kwenye kalenda ya jikoni: alipandwa tarehe nane Februari, kwa hiyo siku mia tatu na arobaini zinaishia tarehe kumi na nne Januari. Nimehesabu mara nne, kwa sababu kila nikimaliza moyo unaniambia nimeruka siku.

Babu, usikasirike nikiuliza. Kwa nini hukungoja katikati ya Februari kama wafugaji wengine? Jana Baba mdogo alikuwa akimsugua Martha mgongo, akasema, "Mzee alitaka mtoto wa kwanza Yorkshire nzima. Farasi wote wa mbio wana siku moja ya kuzaliwa, mosi Januari. Wa Januari na wa Mei wanahesabiwa umri mmoja. Sasa zikifika zile mbio kubwa za Leger, za wenye miaka mitatu tu, nani atakuwa na miguu mirefu?"

Nikamuuliza, na akitokea tarehe thelathini na moja Desemba?

"Basi kesho yake ana mwaka mzima, hata manyoya hayajakauka. Atashindana na wakubwa zake maisha yake yote. Tutamfundisha kuvuta gari la maziwa." Akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka.

Ile fomu ya usajili uliyoitia sahihi asubuhi ya kuondoka ipo kwenye kopo la biskuti. Nafasi ya tarehe bado iko wazi. Nitaijaza kwa mwandiko wangu bora, kama ulivyoniagiza.

Jambo la mwisho. Mwalimu wetu wa historia, Bi Illingworth, ametaka kila mmoja aandike insha juu ya jambo la kale la hapa kwetu, kisha aisome mbele ya shule nzima. Nikifikiria kusimama pale natamani niugue siku hiyo. Lakini nimechagua Leger, na nataka kumalizia na Tom Cobble, farasi wetu wa zamani. Picha yake haina maneno chini. Nani alimpanda siku ile alipokuwa wa tatu? Mvua ilinyesha? Na kwa nini tumeitundika nyuma ya mlango wa jikoni, ambako mgeni haioni mpaka mlango ufungwe?

Mjukuu wako akupendaye,
Hester

---

Hospitali, Scarborough,
13 Desemba 1957

Mjukuu wangu,

Marahaba. Nyonga inanguruma kama mbwa wa Seth, lakini haiumi kama mbwa wa Seth. Kitanda cha kulia kuna mvuvi anayekoroma, cha kushoto kuna mchungaji anayeniombea bila ruhusa yangu. Uji wao ungeshika ukuta.

Umehesabu sawasawa. Acha kuhesabu. Martha ni jike mtulivu, mamake alizaa kwa wakati, bibi yake alizaa kwa wakati. Wewe angalia nta. Ukiona matone kama ya mshumaa kwenye chuchu, jua kwamba siku zimebaki mbili au moja. Hapo tu ndipo uhangaike. Na Seth asimpe pumba za moto, ana mkono mwepesi wa pumba.

Kuhusu insha, andika haya. Mbio za kwanza zilikuwa 1776, hata hazikuwa na jina. Aliyeshinda alikuwa jike ambaye naye hakuwa na jina. Fikiria! Farasi asiye na jina alishinda mbio zisizo na jina, na leo wafalme wanapanda treni kuja kuziona. Miaka miwili baadaye waungwana walikaa kula, wakazipa jina la mwanajeshi aliyezibuni.

Andika na ile ya 1822. Kulikuwa na farasi aitwaye Theodore, kigugumizi wa miguu, hakuna aliyemthamini. Mpanda farasi aliyepangiwa alikuwa mtu mzima, mwenye ushindi mwingi. Walipomwambia utampanda huyu, alilia machozi mbele za watu. Kisha akapanda, akashinda. Babu yangu alinisimulia, naye alisimuliwa na aliyeyaona machozi.

Ya Tom Cobble hayana uzito wa insha. Alikimbia, akawa wa tatu. Hakukuwa na mvua.

Babu yako,
Amos Thwaite

---

Low Hagg,
Ijumaa, 20 Desemba 1957

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Natumaini mvuvi amepungua kukoroma na mchungaji bado anakuombea, kwa sababu sasa tunayahitaji maombi.

Kiwele kimejaa. Si kidogo, kimejaa. Jumatatu kilikuwa kama ngumi yangu, leo ni kama mkate. Nimemwambia Baba mdogo, akaja, akainama, akapiga mluzi. Nikasema tumwite daktari wa mifugo. Akasema, "Tumwite ili aje kuandika kwenye daftari lake kwamba amemwona Martha lini na yuko vipi? Tulia, Hester. Kichwa chako kimejaa vitabu."

"Kuna ubaya gani akiandika?"

"Hakuna ubaya. Ndiyo maana simwiti."

Sikuelewa, au nilielewa nikajifanya sijaelewa.

Nilikwenda maktaba ya mjini. Nimepata ya 1819, ambayo hukunitajia. Farasi kumi na tisa, lakini baadhi yao waliachwa kwenye mstari, bendera ikaanguka hawajawa tayari. Kelele zikawa nyingi hadi wasimamizi wakaamuru mbio zirudiwe siku ile ile. Mara ya pili akashinda mwingine. Baadaye wakubwa wa mbio wakatoa uamuzi kwamba ile ya pili si kitu, ya kwanza ndiyo itakayobaki kitabuni. Bi Illingworth anasema nimalizie hapo, lakini mimi bado nataka Tom.

Nimesoma pia habari ya Epsom, 1844, mbio zao za Derby zilipochukuliwa na farasi wa miaka minne aliyefichwa kati ya wenye mitatu. Kesi ilifika mahakamani. Jaji alitaka farasi aletwe afunuliwe mdomo, meno yahesabiwe. Farasi hakuletwa kamwe. Nilipoisoma nilikifunga kitabu nikatazama nyuma yangu, wala sijafanya kosa lolote.

Nifanye nini kwa Martha? Naomba ujibu haraka.

Mjukuu wako,
Hester

---

Scarborough,
24 Desemba 1957

Hester mwanangu,

Salamu za Krismasi kwako na mama yako. Afya yangu iache, sikiliza.

Mwondoe kwenye banda la karibu na jiko, lina joto. Mpeleke lile la kaskazini. Usimwashie taa hata dakika moja, mwanga unawaharakisha. Mtembeze polepole asubuhi na jioni. Mwimbie. Usicheke, mamake alikuwa akitulia kwa nyimbo za kanisani. Mwambie angoje siku nane tu. Jike akitaka anaweza kuzuia. Nimewaona wakizuia hadi watu waondoke bandani.

Ni kosa langu. Nilikuwa na haraka. Nilimwomba rafiki yangu anayetunza lile dume amruhusu Martha wiki moja kabla ya msimu kufunguliwa, kwa sababu nilitaka mtoto wa siku za kwanza kabisa. Nilitaka kujipatia siku chache, na sasa siku zile zile zinanidai mwaka mzima.

Nina miaka sabini na minne. Mtoto huyu akizaliwa mwezi ujao, Leger yake ni Septemba 1961. Nimepiga hesabu, nitafika. Jike mwingine sitakuwa na nguvu ya kumlea. Nataka kusimama uwanjani Town Moor mara moja tena, nimshangilie farasi wangu nikiwa sina la kuficha machoni. Basi.

Niandikie kila siku.

Babu yako,
Amos

---

Low Hagg,
Jumatatu, 30 Desemba 1957

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Martha yuko banda la kaskazini, anakula vizuri. Baridi imekuwa kali, ndoo iliganda, ikabidi niipasue kwa nyundo. Mama ametuletea peremende za maziwa zilizovunjika.

Sina jipya la kuandika leo. Mkono unaniuma kidogo.

Mjukuu wako,
Hester

---

Scarborough,
2 Januari 1958

Hester,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ya tarehe thelathini ni fupi kuliko orodha ya dobi. Hukutaja kiwele, hukutaja nta. Mtoto aliyenihesabia siku mara nne amesahau kutaja nta?

Mimi sijambo. Niandikie.

Babu

---

Low Hagg,
Ijumaa, 3 Januari 1958

Mpendwa Babu,

Shikamoo na heri ya mwaka mpya. Mwaka mpya umetukuta na mwanafarasi bandani. Ni dume, mwekundu kama shaba, ana soksi moja nyeupe mguu wa nyuma wa kushoto. Asubuhi ya mosi Januari alikuwa amesimama, ananyonya. Martha mzima kabisa, kondo lilitoka lote, nililitandaza chini nikalikagua kama ulivyonifundisha.

Ni mzuri sana, Babu. Ana masikio marefu kama ya sungura. Anamzunguka mama yake mbio, kisha anasahau kusimama, anagonga ukuta. Alimfukuza paka hadi juu ya majani makavu.

Fomu sijaijaza. Baba mdogo anasema niijaze leo. Nimemwambia wino umekwisha.

Mjukuu wako,
Hester

---

Scarborough,
6 Januari 1958

Mjukuu wangu Hester,

Mvuvi amesomewa barua yako mara mbili, mchungaji mara moja. Wote wanakupongeza. Mimi pia nakupongeza, kwa sababu najua ulikuwa na kazi.

Nina maswali mawili ya mzee asiye na la kufanya.

La kwanza, mwaka huu mgeni wetu wa kwanza alikuwa nani? Tangu nioe, karibu kila mosi Januari mtu mwenye nywele nyeusi amekuja nyumbani kwetu na kipande cha makaa ya mawe, akapewa keki, mwaka ukafunguka. Hukumtaja.

La pili, ulipomwona mtoto kwa mara ya kwanza, kwato zake zilikuwaje? Anapotoka tumboni huwa na nyuzi laini za njano chini ya kwato, kama vidole vya uyoga, ili asimchane mama yake. Zinakauka na kulika siku ile ile. Nakuuliza tu kama ulibahatika kuziona. Ni kitu kizuri kukiona.

Babu yako,
Amos

---

Low Hagg,
Alhamisi, 9 Januari 1958

Babu,

Shikamoo. Natumaini umekaa vizuri, na kama muuguzi yupo karibu mwombe asiende mbali.

Niliziona zile nyuzi. Niliziona Jumapili, tarehe ishirini na tisa Desemba, saa nne na robo asubuhi.

Wote walikuwa kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma, lakini nilitaka kumaliza insha. Nilipopeleka maji nikamkuta Martha amelala ubavu na miguu miwili midogo imeshatoka. Jana yake nta ilikuwepo. Sikukuandikia. Niliamini nisipoiandika haitakuwa kweli. Nilipiga magoti, nikasema, "Martha, siku tatu tu, tafadhali, siku tatu tu," kama mjinga. Akanitazama, akasukuma. Bega lilikwama kidogo, nikavuta kuelekea chini kama ulivyonionyesha kwa mwana-kondoo. Ndipo mkono ulipoteguka. Akatoka wote kwa mara moja, tukaanguka pamoja. Nililia, Babu, na sikujua ni furaha au nini. Alikuwa mzuri, na alikuwa amechelewa kwa kuwahi.

Baba mdogo alirudi, akasimama mlangoni na kofia mkononi. Akafunga mlango nyuma yake. Kisha akasema, "Nani amekuona?"

"Hakuna."

"Vizuri. Amezaliwa Jumatano."

"Leo ni Jumapili."

"Hester, nisikilize. Siku tatu. Huyu si farasi wa miaka minne aliyefichwa kwenye gunia, ni kitoto. Mei watazaliwa wenzake, yeye atakuwa mkubwa kwao kwa miezi minne, halali kabisa. Ukiongeza siku tatu nani anaumia? Ni karatasi tu!"

"Kama ni karatasi tu, tuandike ya kweli."

"Na babu yako? Utampelekea barua hospitalini kwamba ndoto yake ina mwaka mmoja na haijaacha kunyonya? Basi muue wewe, mimi siwezi."

Alitundika magunia dirishani. Mama alipouliza, alimwambia Martha tumbo linamuuma na asisumbuliwe. Mama akasema, "Seth, tangu lini tumbo la farasi likaogopa mwanga?" lakini alikuwa anawahi basi. Mosi Januari Baba mdogo alifunga geti kwa mnyororo, kwa hiyo hakuna mgeni wa kwanza aliyeingia. Niliwasikia barabarani wakiita, wakacheka, wakaenda zao. Ni mara ya kwanza naona mwaka unaanza hivyo.

Na jana tuligombana kwa sababu ya fomu, kwa kuwa yeye hawezi kuiga mwandiko wangu na ofisi ya vitabu vya nasaba inaujua. Nilipokataa alinyoosha kidole nyuma ya mlango wa jikoni, akasema, "Kamuulize babu yako Tom Cobble alizaliwa lini. Nilikuwa na miaka kumi, nilikuwa na macho."

Sikuulizi, Babu. Nakuambia tu kwamba alisema.

Jino la kwanza la mwanafarasi lilitokeza Jumapili iliyopita. Ametimiza siku kumi na moja. Fomu inatakiwa London kabla ya mwisho wa mwezi. Nimeshika kalamu mara tano. Sahihi iliyo chini ni yako, farasi ni wako. Niambie niandike nini, nitaandika.

Mjukuu wako,
Hester

---

Low Hagg,
Jumapili, 19 Januari 1958

Babu,

Shikamoo. Siku kumi sasa. Nimeambiwa posta ya pwani inachelewa kwa theluji, lakini gazeti la Scarborough linafika kila siku, nimeuliza dukani.

Mama alipiga simu. Muuguzi alisema unakula kidogo, huongei na mchungaji, na umegeukia ukutani. Nikauliza kama ni kwa sababu ya barua. Mama hakujua ni barua gani, ikabidi nimweleze yote. Alikaa kwenye ngazi na koti lake. Akasema, "Umebeba haya tangu kabla ya mwaka mpya?" Kisha akasema hatanishauri, kwa sababu fomu aliachiwa Hester, hakuachiwa mtu mwingine.

Nilikuwa nikiamka nasikia simu ikilia wakati hailii. Shuleni niliulizwa mji mkuu wa Ureno nikajibu "Jumatano". Walicheka wiki nzima.

Nimekungoja uniambie. Jana niliona kwamba nilikuwa nakuomba ubebe kalamu ili mimi nisiwe na mkono. Hiyo si haki, na wewe huwezi hata kugeuka kitandani.

Kwa hiyo nimeandika. 29 Desemba 1957. Kwa wino, kwa mwandiko wangu bora. Nilikwenda posta kwa miguu, nikaiweka mwenyewe, kisha nikasimama pale kama nusu saa kwa sababu miguu ilikataa kurudi nyumbani.

Baba mdogo haongei nami. Amepika viazi vyake peke yake. Lakini jioni nilimkuta bandani, anamkuna mwanafarasi shingoni, anamwambia, "Mzee wa mwaka mmoja, hujambo? Umeshanyonya, mzee?"

Nisamehe, au usinisamehe, lakini kula.

Mjukuu wako,
Hester

---

Scarborough,
26 Januari 1958

Hester mwanangu,

Nimekula. Leo asubuhi, uji wote, pamoja na ule ulioshika ukuta.

Niliomba karatasi mara nne, mara nne nikairudisha nyeupe. Sasa mchungaji ananishikia ubao, nami naandika kwa mkono wangu. Nisome ukiwa umekaa.

Tom Cobble alizaliwa tarehe thelathini Desemba. Niliandika mosi Januari. Seth alikuwa dirishani. Mgeni wa kwanza hakuja mwaka ule, nikashukuru Mungu, fikiria, nikamshukuru Mungu kwa hilo.

Nilijiambia yale yale aliyokuambia Seth: siku mbili, karatasi tu. Yeye ameyapata kwangu. Septemba ya miaka thelathini iliyopita Tom akawa wa tatu kwenye Leger. Aliyekuwa wa nne, aliyepitwa kwa urefu wa kichwa tu, alikuwa farasi wa Joss Beecroft, jirani yetu. Kitabuni wanaandikwa watatu. Joss alizaliwa ng'ambo ya ukuta wetu, akafuga maisha yake yote, na jina la farasi wake halimo kwa sababu la wangu limo. Siku ile alinipa mkono. Kila Jumapili baada ya hapo alinipa mkono mlangoni mwa kanisa, hadi alipokufa, 1946. Ndiyo maana picha iko nyuma ya mlango. Bibi yako alitaka iwe juu ya jiko. Nilimwambia moshi utaiharibu.

Ulinisifu moyoni kwamba niliacha tarehe wazi kwa kukuamini. Si hivyo. Niliiacha wazi kwa kuwa nilijua siku zinakaribiana, na niliogopa mkono wangu mwenyewe. Nikaubebesha wako. Mzee wa miaka sabini na minne akamtwika mtoto wa kumi na tano.

Nilidhani huyu wa Martha ndiye atakayenirudishia. Kwamba nitakimbia tena, safari hii kwa haki, na ya zamani itafutika. Lakini wewe mwenyewe uliniandikia habari ya 1819. Wakirudia mara ya pili, ya kwanza ndiyo inayobaki.

Nina ombi. Ada, mjane wa Joss, bado yuko nyumba ile ile. Itoe picha nyuma ya mlango, umpelekee pamoja na barua hii. Najua unaona haya kubisha hodi hata kwa mtu unayemjua. Nakuomba hivyo hivyo.

Babu yako,
Amos

---

Low Hagg,
Jumapili, 2 Februari 1958

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari ya uji kuliko nilivyowahi kufurahia uji. Huku wote wazima. Baba mdogo ameanza kuongea nami. Neno lake la kwanza lilikuwa "chumvi".

Insha nimeisoma Alhamisi. Sauti ilitetemeka hadi pale pa yule mpanda farasi aliyelia, kisha ikatulia, sijui kwa nini. Nilimalizia 1819. Sikumtaja Tom.

Jana nilikwenda kwa Bibi Beecroft. Nilipita mlangoni kwake mara mbili bila kubisha, mara ya tatu akafungua mwenyewe. "Wewe ndiye mtoto wa yule mwana wao aliyefariki. Unazunguka nyumba yangu kama mbweha. Ingia, joto linatoka."

Nilimpa picha na barua. Alivaa miwani, akasoma polepole, akairudia, akaikunja. Nikasema tu, "Babu anasikitika sana, Bibi."

Akasema, "Joss alijua."

Babu, nimefikiri usiku kucha kama nikuandikie hili. Lakini sasa sijui kuandika kwa namna nyingine.

Alisema asubuhi ile ya mosi Januari mgeni wenu wa kwanza alikuja. Alikuwa Joss, nywele zake bado nyeusi, na kipande cha makaa mfukoni. Alipita kwanza bandani kwa sababu alisikia sauti ya mwanafarasi. Akamwona Tom, mkavu, kwato ngumu, anarusha mateke. Akaelewa. Hakubisha hodi. Alirudi nyumbani na makaa yake, akayaweka kwenye jiko lao wenyewe.

Nikamuuliza, kwa nini hakusema? Hata siku ya Leger?

"Nilimuuliza hivyo hivyo, tena kwa ukali kuliko wewe. Akasema, 'Hilo ni la Amos kulisema. Atakuja.' Kila Jumapili alimpa mkono, akaushikilia muda mrefu kidogo kuliko ilivyo kawaida. Babu yako hakuona? Alikuwa anampa nafasi. Miaka kumi na tisa alimngoja, mtoto."

Nililia jikoni kwake. Alinipa chai na keki, akaniacha nilie, hakuniambia ninyamaze. Nilipoinuka nikamuuliza nikuambie nini. Picha alikuwa ameshaiweka juu ya jiko, imesimama. Akasema farasi hana kosa, alikimbia vizuri. Kuhusu wewe akasema, "Mwambie Amos barua nimeipata, lakini simtaki kwa barua. Chai ipo. Aje mwenyewe, hata kwa magongo. Na asije mikono mitupu, anajua anachodaiwa kuleta."

Mama anasema unarudi tarehe ishirini na mbili. Nimekwisha chagua kipande cha makaa, kizuri, kinang'aa upande mmoja, nimekifunga kwenye kitambaa kisikuchafue koti. Kutoka getini kwetu hadi mlangoni kwake ni hatua mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili. Mnyororo nimeutoa. Nitashika upande wako wa kushoto.

Mjukuu wako,
Hester